Ghorofa Linapanda, Bomba Ni Lile Lile

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ya zamani tunaijua: korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, na uani choo, bafu na jiko. Hata ikijaa wapangaji, watu 25 hivi. Sasa ibomoe, kiwanja kile kile kisimamishe ghorofa kumi, kila moja na fleti nne, kila fleti watu watano. Wamekuwa 200. Kila mmoja akitumia lita 80 kwa siku, kiasi cha kawaida kwa mwenye bafu la ndani na choo cha kuvuta maji, jengo linataka lita 16,000 kila siku ya Mungu. Takriban asilimia 80 ya maji hayo hutoka tena kama majitaka, yaani karibu lita 13,000. Gari la majitaka la lita 10,000 haliyamalizi kwa safari moja.

Hii ni hesabu ya ubaoni tu, ninayowapa wanafunzi wangu wa uhandisi wa maji kila mwaka. Nimeona kwamba ile 16,000 haiwashtui. Wanaguna wakifika kwenye 13,000, kwa sababu maji safi mtu huyanunua, kwa hiyo huyafikiria. Majitaka hayafikiriwi mpaka siku yafurike.

Niseme mapema kwamba sipingi maghorofa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na jiji letu limejitandaza vibaya mno. Mtu anatoka Chanika au Bunju alfajiri, anarudi watoto wamelala. Watu wakiishi juu kwa juu karibu na kazi zao na karibu na njia ya mwendokasi, bomba moja fupi linahudumia wengi na daladala zinapungua. Kinachonikera ni kwamba kibali hutolewa kwa kiwanja kimoja kimoja, ilhali bomba na mtaro ni vya mtaa mzima. Kila mwenye kiwanja anapiga hesabu ya jengo lake. Hesabu ya mtaa wenye majengo arobaini ya namna hiyo haina mwenyewe.

Tuanze na bomba. Mitaa ya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ilipimwa kwa ajili ya nyumba za familia moja moja, na bomba la mtaa likalazwa kwa kipimo hicho. Likija ghorofa, maji hayawezi kupanda yenyewe mpaka juu. Njia sahihi ni kuyaacha yaingie taratibu kwenye tangi la ardhini, kisha pampu iyatoe kwenye tangi hilo kwenda tangi la juu. Njia ya mkato, ambayo nimeikuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, ni kufunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Mwenye jengo anapata maji saa mbili usiku, na jirani wa nyumba ya chini anaamka saa nane usiku kukinga ndoo yanayodondoka.

Kero ya jirani si hiyo peke yake. Bomba lenye msukumo wa kutosha likiwa na ufa, maji safi huvuja kwenda nje. Ni hasara, lakini uchafu hauingii. Pampu ikivuta kwa nguvu hadi bomba likawa tupu, mambo yanageuka: ufa ule ule unaanza kufyonza kilichopo ardhini. Na kwenye mitaa yetu, mita moja au mbili kutoka bomba la maji safi kuna karo la mtu, yaani tangi la majitaka lililofukiwa ardhini. Ndiyo maana maji yakirudi baada ya kukatika huja na rangi na harufu. Yaache yatiririke mpaka yasafike, kisha ya kunywa uyachemshe, hata kama jana yalikuwa mazuri. Ukiona jengo limefunga pampu kwenye bomba, toa taarifa DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Unawalinda na wanao.

Upande wa majitaka, katikati ya jiji kuna mtandao wa mabomba, ila sehemu kubwa ya nyumba za Dar es Salaam bado zinategemea karo na shimo la kunyonyea. Mfumo huo unafanya kazi kama ardhi ina nafasi ya kunywa. Kwenye maeneo ya pwani, maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa ardhi, na masika yakiingia yanapanda zaidi. Shimo linakuwa kama kikombe kilichokwisha kujaa. Jengo la watu 200 lenye karo la ujazo wa lita 20,000 ambalo halinyonyi tena linajaza karo hilo kwa siku mbili, na kila gari la kunyonya ni pesa. Hapo ndipo anapopatikana mtu wa kusubiri mvua kubwa afungulie chemba, lile shimo lenye mfuniko kwenye bomba la majitaka, uchafu uende na mafuriko mpaka Jangwani na bonde la Msimbazi, kwenye milango ya watu ambao hawajawahi hata kupanda lifti ya jengo hilo. Kipindupindu cha 2015 tunakikumbuka.

Kuhusu visima nitasema kwa ufupi. Kisima kirefu kinaonekana suluhisho la mgao, na ule wa mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipopungua uliwafanya wengi wachimbe. Lakini karibu na bahari, ukivuta maji yasiyo na chumvi haraka kuliko mvua inavyoyarudisha, maji ya chumvi yanasogea kuziba nafasi. Na yakishaingia, kuyatoa ni kazi ya miaka.

Kuna jambo lingine chini ya ardhi ambalo watu hawalioni mpaka limewafikia ukutani. Mama mmoja wa Magomeni aliniita nyumbani kwake, kiwanja cha pili kutoka panapochimbwa msingi wa ghorofa. Alinishika mkono mpaka chumba cha nyuma, akasogeza kabati. "Mwanangu, huu ufa mwezi uliopita ulikuwa unapitisha kucha. Leo unapitisha kidole." Ulianzia pembe ya dirisha ukashuka ngazi ngazi kufuata matofali. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta si wa kutisha. Huu wa mshazari, unaozidi kupanuka, unaonyesha msingi unatembea.

Nje nilikuta pampu inaunguruma. Msingi ukishuka mita chache mafundi hukuta maji, na huyatoa usiku na mchana. Maji hayo hayatoki shimoni peke yake. Yanavutwa kutoka chini ya nyumba za jirani pia, na yakibeba mchanga, udongo unakaa na msingi wa jirani unakosa pa kuegemea. Nilimwonyesha mama cha kufanya: donge dogo la jasi kuvuka ufa, tarehe kwa penseli pembeni, picha kila wiki. Donge likikatika, picha zinakwenda serikali ya mtaa na kwa mhandisi wa halmashauri siku hiyo hiyo. Na ufa ukipanuka ghafla, au milango ikaanza kugoma kufunga, watu watoke kwanza, barua zitafuata.

Simwogopeshi mtu bure. Machi 29, 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo la Kariakoo lilianguka na wafanyabiashara wakanaswa chini ya kifusi. Zaidi ya watu 20 walifariki. Kila eneo la ujenzi linatakiwa kuwa na bango lenye majina ya mhandisi, msanifu na mkandarasi pamoja na namba ya kibali. Kama halipo, uliza. Kama lipo, lipige picha.

Kwa anayenunua fleti, tangu 2008 tuna sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo. Inakupa hati ya fleti yako, na pia inakufanya uwe mmiliki mwenza wa ngazi, paa, matangi na karo, kupitia umoja wa wamiliki. Wanunuzi wengi hukagua vigae na makabati ya jikoni, kisha wanalipa. Nenda pale saa moja asubuhi, wakati kila mtu anaoga. Fungua bomba la ghorofa ya juu. Ulizia karo lina ujazo gani na mara ya mwisho lilinyonywa lini, na risiti uione. Halafu mwombe mlinzi akufunulie chemba ya mwisho kabla ya ukuta, uangalie maji yanaelekea wapi.