Maneno marefu ya Kiholanzi hayasomwi kwa kubahatisha

Wanafunzi wengi wa Kiholanzi, hasa wenye mazoea ya Kiswahili, huamini kwamba neno refu la lugha hiyo ni mfululizo wa herufi usio na mpaka ndani yake, na kwamba mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyotamka «mwanafunzi». Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa maandishi hayaachi nafasi yoyote.

Hata hivyo, mpaka upo. Chukua «voetbalveld», yaani uwanja wa mpira wa miguu: «voet» ni mguu, «bal» ni mpira, «veld» ni uwanja. Sehemu ya mwisho ndiyo inayobeba maana kuu, na ndiyo inayoamua kibainishi, yaani neno dogo «de» au «het» linalotangulia nomino. Husemwa «de bal» lakini «het voetbalveld», kwa sababu ni «het veld». Mkazo mkuu kwa kawaida huangukia sehemu ya kwanza, hapa «voet», ingawa yapo maneno yanayokiuka, mfano «stadhuis», ofisi ya manispaa, ambalo mkazo wake uko kwenye «huis».

Silabi nazo hufuata mpaka huohuo. Mfano ninaoupenda zaidi ni «kwartslagen»: ukilikata «kwart-slagen» ni mizunguko ya robo, ukilikata «kwarts-lagen» ni matabaka ya madini ya kwatzi, wala hakuna herufi iliyobadilika.

Anayetaka kuhakikisha aanzie mwisho wa neno, atafute kila sehemu peke yake katika kamusi, kisha alinganishe na kamusi inayoonyesha mkazo na mgawanyo wa silabi.