Malisho ya Ayalandi Yana Wenyewe

Jamani, naomba tulimalize hili. Msafiri anatua Dublin peke yake, kesho yake anapanda basi kuja huku Wicklow ninakoongoza watu milimani. Anaona kijani mpaka macho yanachoka, anaruka geti na kuanza kukatiza. Ukimuuliza, jibu ni lilelile: vijijini mtu anaruhusiwa kupita popote. Hapana! Hiyo ni sheria ya Uskoti, ya mwaka 2003. Ayalandi haina sheria ya namna hiyo. Shamba lile lina mwenyewe, na ukipita humo unapita kwa hisani yake.

Nakazia kwa sababu hisani huondolewa. Hata Wicklow Way, njia ya kilomita kama 130 kutoka Marlay Park hadi Clonegal, ina vipande vinavyopita kwenye ardhi za watu kwa ridhaa yao tu. Mbwa wako akikimbiza kondoo wenye mimba mwishoni mwa baridi, mimba zinaharibika, na mkulima akiamua kufunga njia hakuna wa kumlazimisha aifungue. Atakayekwama ni msafiri wa kesho.

Vitabu vinasema umwombe ruhusa mwenye ardhi. Sawa, yupi? Milimani kuna malisho mengi ya ubia: wakulima kadhaa, kila mmoja na hisa yake, na nyumba zao huenda ziko bonde jingine kabisa. Hii ni kazi yangu, na bado kuna miteremko ambayo siwezi kukuambia kwa hakika ukapige hodi kwa nani. Ndiyo maana mgeni namshikilia kwenye njia zenye alama.

Siku ya kwanza nenda Glendalough. Utaona magofu ya monasteri ya Mtakatifu Kevin, mnara wa mviringo wa mita 30 hivi, na ziwa la juu. Kisha fuata alama nyeupe za Spinc, njia inayopanda ukingo ulio juu ya ziwa hilo, kilomita 9 na ushei. Huko juu kuna njia ya mbao; usishuke, hata kukiwa na foleni. Pembeni ni mboji iliyolowa, yaani udongo wa kinamasi wa mimea iliyooza nusunusu: juu majani, chini unazama mpaka goti. Mboji huongezeka kama milimita moja kwa mwaka, kwa hiyo shimo la kiatu la sentimita 10 ni kazi ya karne nzima uliyoiharibu kwa hatua moja.

Kanuni ya Naismith ya kukadiria muda wa kutembea milimani, kilomita 5 kwa saa na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda, naiamini kwenye mbao. Kwenye mboji siiamini hata kidogo.

Desemba jua huzama saa kumi jioni na dakika chache. Juni, karibu saa nne usiku. Ukipatwa na jambo piga 112, uombe waokoaji wa milimani. Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge. La wazi liache wazi, huenda kondoo wanapita hapo kufuata maji. Na kama halifunguki na njia yenye alama inapita hapo, lipande upande wa bawaba, lisije likapinda.