Je, wajua? Pip wa riwaya ya Great Expectations aliharibika kabla hajashika hata senti

Ukikaa barazani hapa Lamu, iwe Mkomani ama Langoni, na mtu akataja habari ya kijana wa fulani aliyebadilika, jibu liko tayari kabla kahawa haijafika: pesa zimemharibu. Ama mapenzi. Ama vyote viwili, na hapo mazungumzo yanakwisha manake kila mtu ashaelewa. Riwaya za zamani nazo zinasomwa vivyo hivyo: kulikuwa na mtu mzuri, zikaja pesa, akaja na mrembo, mtu akaharibika, mwisho akafa ama akafilisika, na wewe msomaji uridhike na ulicho nacho, kwaheri.

Tatizo ni kwamba ukifungua vitabu vyenyewe ukaangalia nini kilianza na nini kikafuata, hesabu haiingii.

Chukua Pip wa Great Expectations ya Charles Dickens, riwaya iliyotoka kwa mafungu kati ya 1860 na 1861. Pip ni yatima, analelewa na dadake na shemeji yake Joe, mhunzi, mtu wa roho safi sana. Wengi wanakumbuka kwamba Pip alipata pesa za mfadhili asiyejulikana, akaenda London kuwa bwana mkubwa, akaanza kumuonea haya Joe. Na kweli alimuonea haya, tena vibaya. Joe alipokuwa anakuja kumtembelea, Pip anakiri mwenyewe kwamba kama ingewezekana kulipa pesa ili Joe asije, angelipa. Basi watu wanapiga mstari hapo: si unaona, pesa.

Ila rudi nyuma mpaka sura ya 8. Pip bado mtoto, mfukoni hana kitu, anapelekwa kwa mama mmoja tajiri anaitwa Miss Havisham akacheze karata na msichana wa pale, Estella. Estella anamcheka. Ghulamu wa karata Pip anamuita kwa jina la kishamba, mikono yake imekomaa, viatu vyake vizito kama vya mkulima. Kijana anatoka nje uwanjani, anaitazama mikono yake, anavitazama viatu vyake, na anasema havijawahi kumsumbua, ndio vinamsumbua leo. Hapo hapo anajiuliza kwa nini Joe alimfundisha lile jina la karata, anatamani Joe angelelewa vizuri kidogo naye Pip angekuwa hivyo. Anarudi nyumbani, wanamuuliza ameona nini huko, na anaanza kudanganya: ati Miss Havisham alikuwa amekaa ndani ya gari la mahameli jeusi mle mle chumbani, ati kulikuwa na mbwa wakubwa sana wanapigania nyama kwenye kikapu cha fedha. Uongo mtamu kweli, nakubali, lakini ni uongo, na haya ya kumuonea Joe ishazaliwa mchana ule.

Zile pesa zinakuja lini? Mwaka wa nne wa kufunzwa kazi na Joe. Miaka mizima baadaye. Kwa hiyo anayesema pesa zilimharibu Pip inabidi aeleze vipi kitu ambacho hakijafika kimefanya kazi.

Na kwa nini kosa hili limekaa sana vichwani mwetu? Nadhani, na hii ni rai yangu tu, ni kwa sababu sisi watu wa visiwa hivi tumelelewa na Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa karne ya 19 mwanzoni, unaotuonesha matajiri wa Pate na majumba yao, halafu majumba yale yale yamekuwa magofu na makinda ya popo yananing'inia juu. Ule utenzi unazungumza habari ya mali kupita na mtu kufa, na unaizungumza vizuri hakuna mfano. Lakini riwaya ina swali lingine. Pate mali iliondoka. Kwa Pip mali bado haijaingia na mtu ashaondoka. Ukisoma riwaya kama utenzi unapata jibu zuri la swali ambalo halikuulizwa.

Gatsby naye. The Great Gatsby ya F. Scott Fitzgerald, 1925, inaonekana kama ushahidi wa wazi: jumba kubwa, gari la kifahari, sherehe kila wikendi, utajiri wa pombe za magendo wakati Marekani imepiga pombe marufuku. Sasa tazama anazitumiaje hizo pesa. Kwenye sherehe zake mwenyewe hanywi. Ana bwawa la kuogelea na msimu mzima wa joto hajaliingia. Ana maktaba imejaa vitabu, na mgeni mmoja mlevi anashangaa kugundua ni vitabu vya kweli ila kurasa hazijakatwa (vitabu vingi enzi hizo vilikuja kurasa zimeshikana, ukitaka kusoma unakata mwenyewe), yaani hakuna aliyesoma hata kimoja. Mtu anayependa pesa si angezionja hata kidogo? Jumba lile alilinunua kwa sababu moja, ng'ambo ya maji anakaa Daisy, mwanamke aliyempenda zamani.

Ohoo, basi ni mapenzi ndiyo yalimharibu, utasema. Hapana, na hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Daisy anapokuja nyumbani Gatsby anatoa mashati, anayarusha mezani moja baada ya moja, ya rangi zote, mpaka Daisy anainamisha kichwa ndani ya rundo lile analia, ati hajawahi kuona mashati mazuri namna hii. Analilia nini, mashati au mtu? Kitabu hakitenganishi. Na baadaye Gatsby mwenyewe anaitaja sauti ya Daisy kwamba imejaa pesa, na hasemi kwa lawama, anasema kama anavyosifia mtu macho. Kwake yule mwanamke na ule utajiri ni kitu kimoja, ukivuta hiki na kile kinakuja.

Hiyo ndiyo mashine yenyewe. Tamaa ya pesa peke yake ina aibu yake, kila mtaa una majina ya mtu bahili na mlafi, na mwenyewe anayajua. Mapenzi peke yake yana jibu, utakubaliwa ama utakataliwa, utalia, utapoa. Yakiungana kila moja linamfichia mwenzake. Penzi linazipa pesa udhuru, kwamba mimi si mroho jamani nafanya kwa ajili yake, na pesa zinalipa penzi bei, kwamba hajanikataa, ni vile sijafikisha. Mtu wa hivyo hana mahali pa kusimama.

Vipi sasa uongo na ukatili unaingia kwa mtu ambaye hakuwa nao? Fikiria visima vya Shela, kijiji cha jirani hapa kisiwani, hivi tunavyovinywea maji mji mzima. Chini ya milima ile ya mchanga kuna maji matamu ya mvua, na chini ya maji matamu kuna maji ya bahari, na cha ajabu ni kwamba hakuna ukuta kati yao, maji matamu ni mepesi kidogo kwa hiyo yanaelea juu ya yale ya chumvi. Kwa hesabu ya vitabuni, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inaishikilia chumvi kama mita 40 huko chini. Sasa weka pampu uvute kwa nguvu. Unashusha maji kidogo tu juu, mita moja, hakuna anayeona, maji yanayotoka bado matamu, unaendelea, na huko chini chumvi inapanda mara arubaini ya ulichoshusha. Siku moja unakoroga chai ina ladha. Watu wanaanza kuulizana nani kamwaga chumvi kisimani. Hakuna aliyemwaga. Ilikuwepo siku zote, na kilichoizuia ni uzito wa maji matamu juu yake, na uzito ule umeuvuta wewe mwenyewe ndoo kwa ndoo.

Maji matamu ya Pip ni kule kujiona yuko sawa kwa macho yake mwenyewe. Estella alivuta mita moja, mchana mmoja, kwa maneno machache juu ya viatu. Kila mara Pip anapojitazama kwa macho ya Estella anavuta tena. Ndio maana jioni ile ile uongo ulikuja wenyewe bila kutafutwa, na ndio maana pesa zilipofika hazikuwa na kazi kubwa ya kufanya.

Na uzuri wa mfano huu ni kwamba maji yanaweza kuwa matamu na ya chumvi kisima kimoja, na hilo hakuna aliyelionesha kama Gustave Flaubert kwenye Madame Bovary. Emma ni binti wa mkulima, kaolewa na tabibu wa kijijini Ufaransa, tangu shule ya watawa anasoma hadithi za mapenzi kwa siri, anataka maisha ya kule kwenye vitabu, mahaba na hariri kwa pamoja. Kuna muuza vitambaa, Lheureux, ambaye mwanzoni hadai. Ana heshima zake, anacheka, anaandika. Emma anasaini hati ya deni, siku ya kulipa ikifika inaandikwa nyingine kubwa zaidi, mpaka mahakama inatoa amri: faranga 8,000 ndani ya saa 24.

Tazama siku zile za mwisho. Anarudi kutoka mjini kwa gari la farasi baada ya kukosa msaada, kipofu mmoja ombaomba anawasogelea njiani, na Emma anamrushia faranga tano kwa juu ya bega. Ndizo zote alizobaki nazo. Aliona ni vizuri kuzitupa vile. Ukarimu kamili, hata mtakatifu hajatoa asilimia hiyo, lakini ni ukarimu unaojitazama kwenye kioo.

Kesho yake anamwendea wakili wa mikataba wa kijiji, tajiri, kumuomba mkopo. Mzee anakula chakula chake cha asubuhi, anamkaribisha, anaendelea kutafuna huku Emma anaeleza shida zake, na mguu wa Emma uko karibu na jiko mpaka soli ya kiatu inafuka moshi. Halafu mzee anaanza kushika shika mkono. Emma anasimama, uso umewaka, anamwambia yeye ni wa kuhurumiwa, si wa kuuzwa, na anatoka. Na alimaanisha! Hapo hakuna unafiki. Saa chache baadaye anakwenda kwa Rodolphe, hawara wake wa zamani aliyemtoroka, anamlainishia maneno, anamlilia, halafu anaomba faranga 3,000. Flaubert anasema kwa sentensi moja tu kwamba hakugundua anakimbilia kujitoa kwa kile kile kilichomkasirisha muda mfupi nyuma. Kwa mzee wa chakula cha asubuhi ilikuwa biashara, akaiona. Kwa Rodolphe ilikuwa imevaa nguo za mapenzi, akapita nayo mbele ya dhamiri yake mwenyewe kama abiria mwenye tikiti. Rodolphe naye akajibu hana.

(Serikali ilimshtaki Flaubert kwa kitabu hiki, mwaka 1857, ati kinaharibu maadili. Alishinda. Mwaka uliofuata, 1858, huku kwetu Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa anamtungia bintiye utenzi wa vipi aishi na mumewe. Hawakusikiana, lakini napenda kuwaza wangeambiana nini.)

Na msidhani ni ya wazungu peke yao. Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, 1972, imejengwa juu ya fundo lile lile: Bahati anampenda Idi, na ni huyo huyo Idi anayemtumia ili apate mali ya Mwinyi, mzee tajiri. Penzi la kweli ndilo lililotumika kama kamba ya kuivutia mali.

Tahadhari kidogo sasa, manake si kila riwaya inakubali kukaa kwenye kisima changu. Baba yake Eugénie Grandet, wa Balzac (1833), anapenda dhahabu na basi, hamna mwanamke wala udhuru, na ni mbaya vilevile. Anna Karenina wa Tolstoy naye shida yake si pesa. Na Gatsby alibadilisha jina akiwa na miaka 17, kabla hajamjua Daisy, kwa hiyo pampu yake ilikuwa ishawashwa na kitu kingine, pengine umaskini wenyewe.

Watu wa Malindi na hapa Shela wataniuliza, na wale vijana wa ufukweni wanaooa bibi wa Kizungu waliowazidi umri? Siwajui wote na sihukumu nyumba ya mtu. Ila nikisikia "pesa za watalii zimewaharibu" nauliza kwanza nani aliwatazama viatu, na lini.

Turudi kwa Pip, manake kuna kitu watu wanakiruka. Mfadhili wake aligeuka kuwa Magwitch, mfungwa aliyepelekwa Australia akachunga kondoo, pesa za jasho kabisa, safi kuliko zote kwenye vitabu hivi vitatu, na Pip alizichukia alipojua zilikotoka. Tena katika muda wote wa utajiri, Pip anasema jema alilofanya ni moja tu: alimnunulia rafiki yake Herbert nafasi kwenye kampuni ya biashara, kwa siri, Herbert asijue wala Estella asione. Pesa zile zile. Baadaye mali yote ilipochukuliwa na serikali na Pip akabaki na madeni, kazi ya ukarani aliyoipata ilikuwa kwenye kampuni hiyo hiyo, tawi la Misri.