"Sina haja ya kitu": dhana potofu kuhusu kanisa lililopoa

Nilikulia Ugogo, katika miaka ambayo watu hawakuombea mvua kwa mazoea. Mtama ulikuwa unanyauka shambani, uwele haujatoa masuke, na waumini walipiga magoti kwa sababu nyumbani ghala lilikuwa tupu kweli. Leo nasali Dodoma mjini, kwenye kanisa lenye vigae, feni na spika kubwa. Namshukuru Mungu kwa hayo yote. Hata hivyo mioyoni tumepoa, na kila nikiligusa jambo hili kwa wenzangu napewa majibu yaleyale ambayo, nikiyapima kwa Maandiko, hayasimami.

Dhana: Kanisa likijaa, liko hai

Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 410,000 katika Manispaa ya Dodoma. Ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 760,000 katika Jiji la Dodoma. Katikati hapo, mwaka 2016, Serikali ilitangaza kuhamia huku moja kwa moja, ofisi za wizara zikajengwa Mtumba, na watumishi wakaja na familia zao. Makanisa yangejaa hata kama sisi tungelala usingizi. Kanisa la Sardi, katika Ufunuo 3, nalo lilikuwa na sifa njema mjini, na Bwana akaliambia, "una jina la kuwa hai, nawe umekufa."

Dhana: Vuguvugu ni mtu aliye katikati ya wokovu na dhambi

Tumehubiriwa hivi tangu utotoni: moto ni mlokole, baridi ni asiyeamini, na vuguvugu ni yule anayesali Jumapili na kunywa Jumamosi. Ila mstari wenyewe, Ufunuo 3:15, unasema, "ingekuwa heri kama ungekuwa baridi au moto." Je, Bwana anatamani mtu wake awe asiyeamini?

Laodikia, kanisa lililoandikiwa maneno haya, lilikuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Jirani yake upande mmoja ni Hierapoli, penye chemchemi za maji moto ambayo watu waliyafuata kwa tiba. Upande mwingine ni Kolosai, yenye maji baridi ya mlimani. Laodikia yenyewe ilivuta maji yake kutoka mbali kwa mabomba ya mawe. Ndiyo maana wafafanuzi wengi wa Biblia wanasema moto na baridi vyote viwili vinasifiwa hapa: maji moto yanaponya, maji baridi yanaburudisha. Lililokataliwa ni maji yasiyomfaa mtu yeyote.

Mtu wa Dodoma haelezwi mara mbili. Dumu limeachwa juani tangu asubuhi, mwezi wa kumi, jua la saa nane mchana. Unamimina kikombe, unapiga funda moja, mengine unamwaga chini.

Na ugonjwa wenyewe umetajwa mistari miwili mbele: "Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu." Mwaka 60 baada ya Kristo mji ule ulipigwa na tetemeko la ardhi, na mwanahistoria wa Kirumi Tacitus anaandika kwamba ulijijenga upya kwa mali yake wenyewe, bila msaada kutoka Roma. Kutohitaji mtu ilikuwa fahari ya mji, na kanisa likaibeba fahari hiyo hadi kwenye maombi yake. Kwa hiyo mtu anaweza kuimba kwa nguvu, kufunga, kukesha, na bado akawa vuguvugu, kwa kuwa hakuna kitu anachokihitaji kwa Mungu ambacho hana tayari, na hakuna mtu anayepona kwa sababu yeye yupo.

Haya siyasemi nikiwa nimesimama pembeni. Nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi ya kanisa nililosali zamani. Jioni moja tulijadili rangi ya vigae vya madhabahuni kwa saa mbili na zaidi. Mjane mmoja wa mtaa wetu alikuwa ameezuliwa paa na upepo, na jambo lake liliwekwa kwenye "mengineyo". Lilipewa dakika chache, watu wakitazama saa. Niliandika "limeahirishwa" kwa mkono wangu, nikafunga daftari, tukafunga kwa sala. Mvua ilinyesha wiki ile.

Dhana: Udunia ni mavazi, muziki na wigi

Hapa ndipo tunapotumia nguvu zetu zote. Sketi imepanda, kijana amesuka nywele, kwaya imecheza sana. Sisemi adabu haina maana. Lakini mtume Yakobo alipotaka kuonyesha jinsi dunia inavyoingia kanisani alianza na viti. Anaingia mwenye pete ya dhahabu, anaambiwa, "Keti wewe hapa mahali pazuri". Anaingia maskini, anaambiwa asimame pale.

Kwetu viti vya mbele vina vitambaa na chupa za maji. Mgeni rasmi akichelewa, ibada inamsubiri. Na mnada baada ya ibada! Bibi ametembea na kikapu cha karanga, pengine ndicho alichobakiza baada ya mbegu. Kinapigwa mnada, mwenye gari anapandisha bei, anapigiwa makofi na vigelegele, jina lake linatajwa kwenye kipaza sauti. Sijawahi kusikia jina la bibi likitajwa. Yesu alipokaa mkabala na sanduku la hazina aliwaona matajiri wengi wakitia mengi, lakini aliwaita wanafunzi awaambie habari za mjane.

Kisha kuna nyumbani. Nilimuuliza binti wa kazi wa jirani yangu, muumini mwenzangu, huwa anasali wapi. Akaniambia, "Mama, Jumapili ndiyo siku yenye kazi. Wageni wakitoka kanisani wanakuja kula." Mshahara wake ulikuwa haujalipwa miezi miwili. Malaki 3:10, kuhusu zaka kamili ghalani, tunaijua kwa moyo, watoto wanaiimba. Mistari mitano nyuma, katika sura hiyohiyo, Mungu anasema atakuwa shahidi juu ya "wamwoneao mwenye kuajiriwa kwa ajili ya mshahara wake." Huo sijausikia ukisomwa siku ya kukusanya bahasha za ahadi.

Jiji letu ni la watumishi wa umma, kwa hiyo Luka 3 ingetufaa sana. Watoza ushuru walimuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, naye hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia, "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Toba ilianzia kwenye meza ya ofisi.

Dhana: Biblia inasema fedha ni shina la mabaya

Inasema *kupenda* fedha, katika 1 Timotheo 6:10. Hapa Dodoma, mwenye nyumba ya kupangisha Area C si wa dunia kuliko mwenye kibanda Chang'ombe. Ninaowaogopea ni wote wawili, pamoja na mimi.

Dhana: Uamsho ni mkutano mkubwa wenye vyombo

Watu wanaposema "tunahitaji uamsho" wanamaanisha jukwaa uwanjani na mhubiri kutoka mbali. Uamsho wa Afrika Mashariki haukuanza hivyo. Mwaka 1929, kule Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari mmisionari Joe Church walikaa pamoja wakasoma Biblia na kuomba, kwa sababu wote wawili walihisi ukavu wa kiroho. Moto ukawaka Gahini, Rwanda, kwenye hospitali ya misheni, ukasambaa Uganda na Tanganyika. Waliovunjika walikuwa watu waliokwisha kubatizwa, wakiwemo wafanyakazi wa misheni. Walikiri dhambi mbele za wenzao, wakarudisha walivyoiba, Waafrika na wazungu wakaombana msamaha. Ulikuwa na kasoro zake, na wengine waliwahukumu wenzao mno. Lakini toba yao ilionekana pale vitu vilivyoibwa viliporudi kwa wenyewe.

Dhana: "Nasimama mlangoni, nabisha" ni wito kwa wasioamini

Tunauandika kwenye mabango ya injili. Ukisoma unapoanzia, barua hiyo imetumwa kwa kanisa, Laodikia ileile. Walio ndani wana ibada zao, na Yeye yuko nje, anabisha. Ahadi yake kwa atakayefungua ni mlo: "nitakula pamoja naye, na yeye pamoja nami."

Mwaka jana jumuiya yetu iliamua kuzunguka hadi kwenye nyumba zilizokuwa zinarukwa. Zamu moja ikamwangukia mlinzi wa usiku anayepanga chumba kimoja Nkuhungu. Alikataa mara mbili, akisema hana viti. Tukaenda. Alitandika mkeka, mkewe akasonga ugali wa uwele na mlenda, tukanawa kwa beseni moja, kigogo wa wizara akiwa amekaa chini ameegemea ukuta. Baada ya sala mlinzi yule alituomba tumwombee ada ya mtoto, akataja kiasi. Kisha kigogo akasema, taratibu, macho yakiwa chini, kwamba naye ana ombi, na tangu ahamie Dodoma hajawahi kuomba kitu mbele ya watu.