Kuruhusiwa hospitali si kupona

"Ameshatoka wodini, anakula, hata anacheka. Yamekwisha, tusiyafukue." Ndivyo familia nyingi husema kijana wao anaporudi nyumbani baada ya kujaribu kujiua. Nawaelewa, wameogopa mno. Lakini wiki za kwanza baada ya kuruhusiwa, hadi miezi 3 hivi, ndizo zenye hatari kubwa zaidi ya kujaribu tena.

Mwili una mwendo wake: uchovu, usingizi wa kukatikakatika, hamu ya chakula inayokuja na kupotea, pengine vipimo vya ini au figo vya kurudia. Moyo huchelewa zaidi. Leo ana nafuu, kesho aibu inamkaba, hasa akijua mtaa mzima unanong'ona. Kenya, wengine walificha hata matibabu kwa kuogopa polisi, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Na kumuuliza waziwazi, "Mwanangu, mawazo ya kufa bado yanakujia?" hakumpandikizii wazo. Mara nyingi humpunguzia mzigo aliokuwa akiubeba peke yake. Uliza kwa upole, kisha nyamaza usikilize, bila kumhubiria. Dawa na sumu za shambani zifungiwe. Kliniki asikose hata akionekana mzima, na shuleni arudi polepole, awepo mwalimu mmoja anayemwamini. Akikujibu kwamba mawazo ya kufa bado yanamjia, asiachwe peke yake: rudini naye hospitali siku hiyo hiyo.