Mgongo wa Franconia: amua kabla ya kutoka msituni

Kilele cha Lafayette, katika milima ya White Mountains jimboni New Hampshire, Marekani, kina mita 1,600. Nairobi iko juu zaidi ya hapo, kwa hiyo mtu aliyekulia Kenya au Moshi huidharau namba hiyo. Asiidharau. Kilimanjaro msitu hupanda hadi karibu mita 3,000. Huku White Mountains misonobari hudumaa kwenye mita 1,400 hivi na kulala chini kwa sababu ya baridi, upepo na barafu inayoganda matawini. Ukishaipita, hakuna kirefu kukuzidi, na radi huanza na kirefu.

Mzunguko wa mgongo wa Franconia, unaopita kilele hicho, ni kilomita 14 na ushei, na kupanda kwake kunakaribia mita 1,200. Panda kwa njia ya Falling Waters, ushuke kwa Old Bridle Path. Usigeuze mpangilio huo: Falling Waters ina maporomoko ya maji na miamba yenye utelezi, na magoti yaliyochoka huteleza zaidi wakati wa kushuka. Kukadiria muda, weka nusu saa kwa kila kilomita 1.6, kisha nusu saa nyingine kwa kila mita 300 za kupanda. Utapata karibu saa sita na nusu, bila kupumzika. Mimi nashauri uanze saa kumi na mbili na nusu asubuhi ili saa nne uwe kwenye kilele cha Little Haystack, maana ngurumo za kiangazi hupenda mchana.

Little Haystack ndipo msitu unapoishia. Kutoka hapo hadi Lafayette, kupitia kilele cha Lincoln, ni kilomita 2.7 za wazi, na katikati hakuna njia ya kuchepukia. Ukishafika katikati, kurudi na kuendelea ni gharama ile ile. Kwa hiyo simama ukiwa bado ndani ya miti, vaa jaketi la kuzuia upepo kabla hujasikia baridi, kula, kisha tazama magharibi, maana hali mbaya ya hewa mara nyingi hutokea huko. Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, geuka. Radi ikimulika na sauti ikafika baada ya sekunde 30, iko kilomita 10 tu kutoka kwako.

Baridi huwadanganya wengi. Juu ya mgongo kuna nyuzi kama 6 au 7 pungufu kuliko maegeshoni. Nyuzi 5 pamoja na upepo wa kilomita 60 kwa saa, ngozi huzihisi kama 2 chini ya sifuri. Fulana ya pamba iliyolowa jasho ndiyo adui mkubwa: hushika maji na kukunyonya joto. Vaa sufu au poliesta, beba fulana kavu ya kubadilisha, kofia, glavu, tochi ya kichwani na lita 3 za maji, kwa sababu juu hakuna kijito.

Kanyaga mwamba, usikanyage majani. Vimmea vile vidogo vinavyoshikilia udongo kati ya mawe hukua polepole mno, na kiatu kimoja huharibu kazi ya miaka mingi. Kuta fupi za mawe kandoni zimewekwa kuvilinda.

Ukungu ukishuka, tembea kutoka rundo moja la mawe hadi jingine. Alama nyeupe ni za Appalachian Trail, njia ndefu ya miguu ya mashariki mwa Marekani. Zitakufikisha Lafayette, lakini hapo haziendi kwenye gari lako: zinaendelea kaskazini kuelekea mlima Garfield. Wengi huzifuata kwa mazoea. Kileleni tafuta msingi wa mawe wa jengo la zamani, jikinge upepo humo usome kibao, kisha shika njia ya Greenleaf kuelekea magharibi. Baada ya kilomita 1.8 kuna nyumba ya wapandaji ya Greenleaf, ambako msimu wa kiangazi hupatikana maji. Hapo shika Old Bridle Path; zinabaki kilomita 4.7, nyingi za mawe makubwa. Hapo fimbo mbili za kutembelea huyaokoa magoti.