Coventry City na uwanja usio wake: yanayosemwa na yaliyotokea

Msimu wa 2013/14, pembeni ya uwanja mdogo wa Sixfields mjini Northampton, palikuwa na kilima cha majani. Siku Coventry City inapocheza "nyumbani", baadhi ya mashabiki wake walikipanda, wakasimama huko juu na skafu zao za rangi ya anga, wakichungulia mechi kipande kipande juu ya jukwaa. Tiketi zilikuwepo tele, ila hawakutaka kuzinunua. Klabu yao ilikuwa imehamishwa zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini kwao kwa sababu ya ugomvi wa pango, yaani kodi ya uwanja, nao waliapa kutoulipia ugomvi huo. Kilima wakakibatiza jina la Jimmy Hill, kocha aliyeipandisha Coventry hadi daraja la juu mwaka 1967.

Tangu hapo, kila klabu inapoukosa uwanja, Coventry hutajwa kama zimwi la kutishia watoto. Shida ni kwamba kisa chenyewe husimuliwa nusu nusu, na kila msimuliaji hubaki na nusu anayoipenda.

"Waliporwa uwanja na timu ya raga mwaka 2014"

Hili ndilo linalosemwa zaidi, na ndilo lililo mbali zaidi na ukweli. Mwaka 2014 Coventry haikuwa na uwanja wa kuporwa. Ilishaupoteza zamani, tena kwa mikono yake yenyewe.

Kuanzia 1899 hadi 2005 ilicheza Highfield Road, uwanja wa kwanza Uingereza kuwekewa viti katika kila jukwaa, mwaka 1981. Mwishoni mwa miaka ya 1990, timu ikiwa Ligi Kuu, viongozi wakaota uwanja mkubwa mpya mahali palipokuwa na kiwanda cha gesi, kaskazini mwa jiji. Highfield Road ukauzwa kwa kampuni ya ujenzi wa nyumba kabla ule mpya haujainua hata ukuta. Mwaka 2001 timu ikashuka daraja baada ya kukaa juu miaka 34 mfululizo. Fedha za televisheni zikakauka, mradi ukawa mzito kuliko mbebaji, na halmashauri ya jiji ikaubeba. Klabu ilibakiwa na haki ya nusu ya kampuni ya kuendesha uwanja. Nayo ikaiuza, kwa taasisi ya hisani ya Alan Edward Higgs.

Kwa hiyo uwanja huo mpya, Ricoh Arena, ulipofunguliwa Agosti 2005, ukiwa na viti zaidi ya 32,000, Coventry iliingia na mabegi yake kama mpangaji, kwa pango la zaidi ya pauni milioni 1 kwa mwaka.

Kilichotokea 2014 ni mlango wa kurudi kufungwa. Mfuko wa uwekezaji wa Sisu, ulioinunua klabu Desemba 2007, ulikuwa umegoma kulipa pango hilo mwaka 2012, ukitaka lipunguzwe. Kesi zikafuatana. Machi 2013 klabu ikawekwa chini ya msimamizi wa mufilisi, ikakatwa pointi 10, kisha 10 nyingine mwanzoni mwa msimu uliofuata, na ndipo ikahamia Northampton. Ilirudi mjini Septemba 5, 2014, na watu 27,306 wakajaa kuitazama ikicheza na Gillingham, mechi ya daraja la tatu. Mwezi mmoja tu baadaye halmashauri ikakubali kuuza hisa zake kwa Wasps, klabu ya raga iliyokuwa ikicheza High Wycombe. Novemba taasisi ya Higgs nayo ikauza zake. Wasps wakaondoka na mkataba wa upangaji wa miaka 250. Ardhi ikabaki ya jiji.

Sisu wakayapeleka mauzo hayo mahakamani na kushindwa kila ngazi, hadi Mahakama ya Juu ilipokataa kuisikiliza rufaa mwaka 2019.

"Uwanja ni nyasi na magoli. Lipa pango, cheza, nenda nyumbani"

Anayesema hivi hajawahi kusimama kwenye foleni ya bia wakati wa mapumziko. Mtu akinunua tiketi, fedha ile huingia kwa klabu. Akiegesha gari, akinunua pai, akinywa bia mbili, akichukua chumba katika hoteli iliyojengewa ndani ya jukwaa, fedha hiyo ni ya mwendesha uwanja. Vivyo hivyo kumbi za mikutano, matamasha ya muziki, na jina la kampuni linalowaka juu ya paa. Kwa miaka mingi Coventry ilileta wateja, mwingine akahesabu mauzo. Hapo ndipo pengo kati ya mpangaji na mwenye uwanja huzaliwa, na hutakaa ulione kwenye msimamo wa ligi.

Halafu kuna kalenda. Mwishoni mwa Julai 2022 uwanja ule ulichezewa raga ya wachezaji saba ya Michezo ya Jumuiya ya Madola: siku tatu, makumi ya mechi, wanaume na wanawake, juu ya nyasi zile zile. Wiki moja baadaye Coventry ilitakiwa kuikaribisha Rotherham. Kapeti lilikuwa limechanika kiasi cha kuhatarisha miguu ya wachezaji, mechi ikaahirishwa, na nyingine za nyumbani zikafuata. Mechi ya Kombe la Ligi dhidi ya Bristol City ikachezwa Burton. Tunasema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hapa fahali hawakupigana hata kidogo, walipangiana zamu tu, na nyasi zikaumia vile vile. Mpangaji hana kauli juu ya zamu.

"Klabu isiyo na uwanja wake haina mbele"

Hapa Coventry yenyewe ndiyo shahidi. Ni kweli ilianguka: 2012 ilishuka hadi League One, daraja la tatu, 2017 hadi League Two, la nne. Lakini ilipopanda 2018 na 2020, ilikuwa bado mpangaji. Mark Robins alirudi kuifundisha Machi 2017, akaipandisha kupitia mchujo 2018. Kisha mazungumzo na Wasps yakakwama kwa sababu ya zile kesi, ligi ikafikia hatua ya kuitisha kikao cha wanachama kujadili kama klabu isiyo na pa kuchezea iendelee kubaki, na Coventry ikahamia tena, safari hii St Andrew's mjini Birmingham, misimu miwili. Ikiwa huko huko ugenini ikatwaa ubingwa wa League One 2020, ligi ilipokatizwa na korona na msimamo kuamuliwa kwa wastani wa pointi kwa mechi.

Mei 2023, msimu ule ule wa nyasi zilizochanika, ilifika fainali ya mchujo Wembley na kuikosa Ligi Kuu kwa penalti mbele ya Luton. Mwaka uliofuata ikaifunga Manchester United mabao matatu katika nusu fainali ya Kombe la FA, baada ya kuwa nyuma 3-0. Wengi wetu tunaikumbuka mechi ile kwa goli la dakika za mwisho lililofutwa na VAR, kabla ya penalti kuamua.

Ukitaka ushahidi wa nje, uwanja wa Etihad ni mali ya Halmashauri ya Jiji la Manchester. Manchester City ni mpangaji pale, tena kwa miaka 250, idadi ile ile waliyopata Wasps kule Coventry. Tofauti ni kwamba City wenyewe ndio wanaoshika mkataba huo na wanauendesha uwanja wao. Kwa hiyo ukisikia klabu fulani imekosa umiliki, swali la kwanza lisiwe hati ina jina la nani. Uliza mkataba ni wa miaka mingapi, bia inauzwa na nani, na nani anaandika ratiba.

Ila tusidanganyane pia. Mpangaji hupanda kwa gharama. Majira ya joto 2023 Coventry ilimuuza Viktor Gyökeres, mfungaji wa mabao 21 ya ligi, kwenda Sporting, na Gustavo Hamer kwenda Sheffield United. Klabu nyingi huuza, hata zenye viwanja vyao. Lakini isiyovuna siku ya mechi ina sababu moja zaidi ya kuuza.

"Mwenye hati amelala salama"

Waulizwe Wasps, ingawa hati yao ilikuwa ya upangaji wa miaka 250. Mwaka 2015 waliuza hatifungani, yaani walikopa kwa wawekezaji, za pauni milioni 35 kwa mgongo wa uwanja ule. Zilipoiva 2022 hawakuwa na cha kulipa, na Oktoba 17 wakaingia kwenye ufilisi. Klabu ya soka ya Bury nayo ilikuwa na uwanja wake, Gigg Lane, uliowekwa rehani; Agosti 2019 ikafukuzwa ligi.

"Shabiki wa kweli hufuata timu popote"

Sixfields wastani wa mahudhurio ulikuwa kama 2,300, kutoka zaidi ya 10,000 msimu uliotangulia. Siwezi kuwaita wale wa kilimani mashabiki wa uongo.

"Basi wajenge wa kwao"

Wenye Coventry waliahidi hivyo zaidi ya mara moja. Mwaka 2020 walitangaza hata mpango wa kujenga kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Warwick. Halikuwekwa tofali. Kwa anayedhani ni jambo la miaka miwili mitatu, Brighton waliondoka Goldstone Ground 1997 na wakaingia uwanja wao mpya 2011. Katikati walicheza Gillingham, kisha kwenye uwanja wa riadha.

"Ukikosa mara moja, umekosa milele"

Wasps walipoanguka, ilidhaniwa zamu ya Coventry imefika. Mfanyabiashara Doug King, aliyekuwa katika hatua za kuinunua klabu, aliutaka na uwanja, lakini Novemba 2022 ukaenda kwa Frasers, kampuni ya Mike Ashley, kwa takriban pauni milioni 17. Desemba mwenye nyumba mpya akaiandikia klabu barua ya kuondoka iwapo haitasaini masharti yake. Zilikuwa siku ambazo mtu angeapa kilima cha Northampton kinarudi. Wakasaini hadi mwisho wa msimu, kisha mkataba mrefu zaidi, timu ikaendelea kucheza.

Agosti 2025 King akaununua kutoka kwa Frasers. Kwa mara ya kwanza tangu waondoke Highfield Road, miaka 20, klabu na uwanja vikawa chini ya mtu mmoja. Bia ni yao sasa. Lakini na paa lile la mwaka 2005 ni lao, na lifti, na taa, na nyasi.

Nje ya lango kuna sanamu ya Jimmy Hill, iliyowekwa 2011. Imesimama pale halmashauri na Higgs wakiwa wenye uwanja, ikawaona Wasps wakija na kuondoka, ikawaona Frasers. Timu ilipokuwa Northampton na Birmingham, yenyewe haikusogea.